Raba nene, ndala au peku? Goti la mwalimu mstaafu

Ndugu Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu mwenye umri wa miaka 63, mkazi wa Muheza, mkoani Tanga. Kila alfajiri ninakwenda shambani kuangalia michungwa yangu, mwendo wa kilomita tatu hivi kwenda na tatu kurudi, nusu yake barabara ya udongo na nusu lami. Uzito wangu ni kilo 84. Mwaka jana goti la kulia lilianza kuniuma upande wa ndani, hasa ninaposhuka ngazi za baraza na ninapoinuka baada ya kukaa muda mrefu. Nilipigwa picha, nikaelezwa kwamba gegedu limeanza kulika, nikapewa dawa ya maumivu pamoja na ushauri wa kupunguza uzito. Mtaani wanasema mafuta ya goti yameniishia.

Kijana wangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliposikia habari hiyo alininunulia raba zenye soli nene na laini mithili ya mkate wa boflo. Juma la kwanza nilijiona ninatembea juu ya godoro. Hata hivyo, miezi miwili imepita na goti halijabadilika, na limezuka jambo jipya: ninajikwaa kwenye mizizi na mawe ambayo zamani mguu wangu uliyajua kabla ya macho yangu.

Shemeji yangu, ambaye hukimbia kila asubuhi na kusoma mengi kwenye simu yake, ananiambia kwamba raba hizo ndizo adui. Anadai kuwa mtu anayetembea peku huigusa ardhi kwa upole, kwamba wanasayansi walilithibitisha hilo kwa Wakenya wa Bonde la Ufa, na kwamba babu zetu walitembea peku kutoka huku hadi Pangani bila kusikia habari za goti. Nilimsikiliza, nikatembea peku kwa majuma mawili. Kwenye udongo sikuona tabu, lakini kwenye lami kila hatua niliisikia hadi gotini, na mwishoni mguu wa kulia ukavimba juu, karibu na vidole. Niliacha, na uvimbe ukapungua baada ya siku saba hivi. Siku hizi nyumbani ninavaa ndala, na nikienda msikitini au kwenye vikao ninavaa viatu vyangu vya zamani vya ngozi, vyenye visigino vigumu vinavyolia ko, ko, ko kwenye vigae.

Swali langu ni hili: kati ya raba, ndala, viatu vya ngozi na peku, ni kipi hasa kinachopunguza kishindo kinacholifikia goti? Ninaomba maelezo pamoja na sababu zake, kwa kuwa nimefundisha sayansi shule ya msingi kwa miaka 34 na siwezi kumeza jibu lisilo na sababu. Niongeze tu kwamba sina ugonjwa mwingine wa kutaja isipokuwa sukari, niliyogunduliwa nayo miaka saba iliyopita na ambayo ninaidhibiti kwa vidonge.

Mwalimu Mstaafu, Muheza


Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama kwenye ile sentensi ya mwisho uliyoiandika kama mtu anayeongeza chumvi mchuzi ukiwa tayari mezani. Nitaifikia. Kwanza nikulipe deni la sayansi uliyoiomba, kwa sababu bila hiyo hutaona kwa nini sentensi hiyo ndiyo inayoamua jambo lote.

Tukikutembeza juu ya kibao kinachopima kani, mashine huchora mstari wenye nundu mbili kwa kila hatua. Nundu ya kwanza hutokea mwili unapouegemea mguu, na ya pili mguu unapoisukuma ardhi ili kuondoka. Kwa mtu anayetembea kwa mwendo wa kawaida, kila nundu hufikia kiasi cha mara 1.1 hadi 1.2 ya uzito wake, yaani kwako wewe kani inayolingana na kilo 92 hadi 101. Nundu hizo viatu havizibadilishi sana, kwa kuwa zinatokana na uzito wako na mwendo wako, na uzito haupungui kwa kubadilisha soli. Kinachobadilika ni kijimwiba kidogo kinachojitokeza kabla ya nundu ya kwanza, katika sehemu chache za mia za sekunde, kisigino kinapogonga chini. Hicho ndicho kishindo unachokiulizia.

Unaweza kukisikia mwenyewe. Simama kwenye sakafu ya saruji ndani ya nyumba, ukiwa umeikagua kwa macho kwanza, ziba masikio yote mawili kwa vidole, kisha tembea peku hatua kumi. Utasikia du, du, du ndani ya kichwa. Ni mtikiso uliopanda kwa njia ya mifupa kutoka kisiginoni. Vaa raba za kijana wako, urudie. Sauti itafifia. Vaa vile viatu vya ngozi, nayo itarudi.

Kwa jaribio hilo kijana wako ameshinda, na raba zingestahili sifa zote. Tatizo ni kwamba kijimwiba hicho kina vipimo viwili. Cha kwanza ni kasi ya kupanda kwake, yaani ukali wa kishindo. Cha pili ni jumla ya msukumo, yaani kani ikizidishwa kwa muda inaodumu. Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Nicholas Holowka, pamoja na Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya kuwapima watu wa magharibi mwa Kenya na wa Marekani, baadhi wakiwa wamezoea kutembea peku na wengine wakiwa wavaa viatu. Waliona kwamba kiatu chenye sponji hupunguza kasi ya kishindo, lakini huongeza jumla ya msukumo. Umedaka embe linaloanguka: ukirudisha mkono nyuma halikuumizi, lakini mkono umelibeba kwa muda mrefu zaidi. Tena mtu asiyehisi ugumu wa ardhi huushusha mguu wake ukiwa umekakamaa, na sehemu kubwa zaidi ya mguu huingia katika mgongano huo. Aliye peku, kwa kuwa ardhi inamuuma, hufupisha hatua na kuulaza wayo zaidi anapotua. Watafiti wale hawakudai kwamba raba zinaharibu mifupa, nami sitadai hivyo kwa niaba yao.

Katika utafiti huohuo kuna jambo la sugu ambalo mimi binafsi linanivutia kuliko yote. Tungetarajia kwamba mtu mwenye sugu nene chini ya miguu angekuwa kama amevaa kiatu, asihisi kitu. Ikaonekana sivyo: ngozi ile ngumu hulinda wayo, nayo mitetemo ya ardhi huipitisha hadi kwenye mishipa ya fahamu iliyo chini yake, na wala haibadilishi kishindo cha hatua. Soli nene ya sponji hulinda na kuziba kwa pamoja. Hiyo mizizi unayojikwaa nayo, Mwalimu, imejificha nyuma ya ule mkate wa boflo.

Sasa twende kwa shemeji. Utafiti anaoutaja upo. Ulichapishwa mwaka 2010, nao pia uliongozwa na Lieberman, na ni kweli kwamba wakimbiaji wa Bonde la Ufa waliozoea kukimbia peku mara nyingi walitua kwa sehemu ya mbele ya wayo na kukipunguza sana kile kijimwiba. Lakini hao walikuwa wanakimbia. Anayetembea hutangulia kwa kisigino, awe na kiatu au hana, kwa sababu kutembea kwa kutanguliza ncha ya mguu hula nguvu nyingi mno. Hata katika kukimbia kwenyewe mambo hayako sawa kwa wote: mwaka 2013 watafiti wengine waliwapima Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao nao hukulia peku, wakakuta kwamba wengi wao hutua kwa kisigino wanapokimbia kwa mwendo wao wa kawaida. Abebe Bikila, ambaye kwa hakika shemeji amekwisha kukusimulia habari zake, alishinda mbio za marathoni za Roma mwaka 1960 bila viatu, na mwaka 1964 akashinda tena Tokyo akiwa amevaa viatu, kwa muda mzuri zaidi. Kuhusu babu zetu wa Pangani, sina picha za magoti yao.

Hadi hapa nimezungumzia kisigino, nawe uliuliza goti. Kani inayolibana goti hailingani na ile ya ardhini, kwa kuwa misuli ya paja na ya kigimbi nayo hulibana kila inapovuta. Madaktari wa Berlin waliweka vipimo ndani ya magoti ya bandia ya wagonjwa wao, wakapata wastani wa mara 2.6 ya uzito wa mwili katika kutembea na karibu mara 3.5 katika kushuka ngazi. Ndiyo maana ngazi za baraza zinakutesa kuliko safari nzima ya shambani. Mzigo huo pia haugawanyiki sawa. Unapokanyaga, kani ya ardhi hupita upande wa ndani wa goti, hulivuta goti litanuke kwa nje na kuubana upande wa ndani, na huo ndio unaokuuma wewe.

Kuhusu mzigo huo wa upande wa ndani, watafiti wa Chicago walitangaza mwaka 2006 kwamba wagonjwa wa goti lililolika walipotembea peku ulipungua kwa kiasi cha asilimia 12 ukilinganishwa na viatu vyao vya kawaida. Mwaka 2010 wakalinganisha aina kadhaa, wakakuta kwamba ndala na viatu bapa vinavyopindika vilikaribiana na peku, ilhali viatu vigumu vya kuchomeka na raba zilizoimarishwa ili kuushika mguu vilikuwa na mzigo mkubwa zaidi. Ungeishia hapo ungempa shemeji ushindi na kuvaa ndala hadi shambani. Lakini mwaka 2021 watafiti wa Melbourne, Australia, waliwagawa wagonjwa 164 katika makundi mawili, kundi moja likavaa viatu bapa vinavyopindika na jingine viatu imara vinavyoushika mguu, wakawafuatilia kwa miezi sita. Waliovaa viatu imara ndio waliopungukiwa zaidi na maumivu ya goti katika kutembea. Mashine ilipendelea viatu bapa, wagonjwa wenyewe wakapendelea vingine, na mimi huwa ninamsikiliza mgonjwa kwanza.

Viatu vyako vya ngozi nitavimaliza kwa sentensi moja: vina kisigino kilichoinuka na kigumu, havifyonzi kishindo, havipitishi hisia wala havipindiki, kwa hiyo vivae kwa vikao vifupi tu na umwombe fundi akubandikie kipande cha mpira chini ya visigino.

Sasa ile sentensi ya sukari.

Faida zote za peku nilizokueleza zimesimama juu ya nguzo moja, nayo ni hisia. Mguu mtupu hupunguza kishindo kwa sababu unahisi. Unauma, ukaripoti, na ubongo ukafupisha hatua. Kisukari cha miaka saba, hata kikidhibitiwa vizuri, kinaweza kuwa kimeanza kuchakaza mishipa ya fahamu ya miguu, tena kimyakimya, kuanzia vidoleni. Mguu uliopoteza hisia ukitembea peku hupata hatari zote za peku na kukosa faida yake, kwa kuwa hakuna taarifa inayofika juu. Nimewahi kumhudumia mkulima wa machungwa, mtu mzima kama wewe, aliyekuja kwa ajili ya mgongo. Nilipomvua ndala ili nimpime mwendo nilikuta mwiba wa mchungwa umezama kisiginoni, mweusi, ngozi iliyouzunguka imekwisha kuwa nyeupe na laini. Alikuwa ametembea nao kwa siku ambazo yeye mwenyewe hakuweza kuzihesabu. Michungwa yako ina miiba ileile.

Kwa hiyo, kujikwaa kwako huenda kusiwe kosa la raba peke yake. Leo jioni lala kitandani, ufumbe macho, na umwombe mjukuu au mkeo akuguse kwa ncha ya kidole chake, kwa wepesi kama anayegusa unyoya, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu, bila kufuata mpangilio wowote, nawe useme kila unapohisi. Ni jaribio lililoanzia Ipswich, Uingereza, na halihitaji kifaa. Ukikosa kuhisi sehemu mbili au zaidi kati ya hizo sita, uhesabu kwamba hisia imepungua. Hata ukizihisi zote, nenda kliniki ya kisukari uombe wakupime kwa ule uzi mgumu wa nailoni unaobonyezwa kwenye wayo ili kupima hisia, kwa sababu kipimo hicho unastahili kufanyiwa kila mwaka.

Uvimbe wa juu ya mguu nao haunipendezi. Inawezekana mifupa mirefu ya wayo ililemewa na majuma mawili ya lami bila mazoea, nayo hupona kwa kupumzishwa. Hata hivyo, bonyeza mahali hapo kwa kidole gumba, na kama bado pana maumivu upigwe picha. Na iwapo siku yoyote mguu utavimba, ukawa mwekundu na wa moto kuliko mwenzake, usingoje siku saba kama ulivyofanya, hata kama hauumi. Nenda hospitali siku hiyohiyo na uepuke kuukanyaga, kwa sababu kwa mwenye kisukari mifupa ya wayo inaweza kusambaratika ndani huku mwenyewe akitembea.

Jibu langu basi ni kwamba usitembee peku nje, si kwenye lami wala kwenye udongo, na nyumbani pia uvae kitu cha kuufunika mguu hadi utakapopimwa. Ndala ziache bafuni, maana soli yake nyembamba mwiba huipenya, na huvilazimu vidole kujikunja kila hatua ili zisikuponyoke. Kwa safari ya shambani tafuta raba za soli ya wastani, bapa, zinazopindika kwenye vidole lakini zisizopindika katikati, zenye kisigino cha nyuma kigumu na kamba za kufungia. Ziwe ndefu kuliko mguu wako kwa sentimita moja hadi mbili kwa ndani, na ukazijaribu alasiri, wakati miguu imekwisha kutanuka. Ukinunua za mtumba, ambazo mara nyingi ni imara kuliko mpya za bei rahisi, bonyeza sponji ya kisigino kwa kidole gumba. Ikiwa imekufa, haitoi wala haipokei, au upande mmoja umelika kuliko mwingine, ziache, kwa sababu utarithi mwendo wa mwenye nazo. Na kila alfajiri, kabla ya kuzivaa, ingiza mkono ndani hadi mwisho.

Kishindo utakipunguza zaidi kwa miguu yako mwenyewe kuliko kwa soli. Fupisha hatua kidogo, hasa kwenye lami, utue kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Shika bakora kwa mkono wa kushoto, upande usio na goti bovu, ingawa wengi huishika kinyume. Mara mbili kwa siku keti kwenye kiti kigumu, inuka bila kujishikiza, keti tena polepole, mara kumi, ili misuli ya mbele ya paja ilibebee goti sehemu ya kazi. Na ule ushauri wa uzito usiudharau, kwani kila kilo unayopungua hulitua goti takriban kilo nne katika kila hatua, na hatua za kilomita sita ni maelfu.

Shemeji mwenyewe, kama hana sukari na miguu yake inahisi, sina ugomvi naye. Mwambie tu aanze kwa dakika chache kwenye udongo na kuongeza taratibu, kwa sababu mwaka 2013 watafiti wa Marekani waliwafuatilia wakimbiaji waliohamia viatu vyembamba kwa majuma 10, na zaidi ya nusu yao wakaonekana na dalili za kulemewa ndani ya mifupa ya wayo. Zile raba za mkate wa boflo, kama zinamtosha, mpe yeye azivae siku za mapumziko.